Choo Inajijaza Yenyewe Usiku? Cheki Hivi Vitu Kabla Hujaita Fundi

Saa nane usiku. Mtaa umetulia, hata mbwa wa jirani wamechoka kubweka. Halafu unasikia: shhhhhh. Choo inajaza maji. Hakuna mtu ameenda huko. Baada ya dakika moja inanyamaza, na kabla usingizi haujakushika vizuri inaanza tena.

Wasee wengi hapa Nkoroi wakisikia hiyo sauti hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna wale hugeuka upande wa pili wakalala. Na kuna wale humpigia fundi asubuhi, fundi anakuja, anaangalia sekunde kumi, anasema "hii imekufa, tununue mpya." Wote wanachoma ganji. Mara nyingi shida ni raba ndogo, mchanga, ama boli iliyopanda juu kuliko inavyofaa. Na kazi ya kwanza si kununua kitu, ni kujua maji yanapotelea wapi. Yanaingia kupita kiasi, ama yanatoka kisirisiri? Ukijibu hilo swali moja, umemaliza nusu ya kazi.

Huku kwetu unalipa mara tatu

Kama unaishi mahali maji ya mfereji hufika kila siku na laini ya majitaka iko mbele ya geti, choo ikivuja utaona bili imepanda, basi. Lakini ukishapita Rongai na Magadi Road yako, mambo ni tofauti. Keja nyingi Nkoroi zinategemea kisima cha kuchimbwa ama bauza, na majitaka yanaingia kwa septiki nyuma ya nyumba.

Sasa fanya hesabu na mimi. Choo inayoachilia lita moja tu kwa dakika inamaliza lita 1,440 kwa siku. Bauza ya lita 10,000 haifikishi siku saba, na hapo hujapika, hujaoga, hujafua hata soksi. Sawa, labda yako haijafika hapo. Tuseme inajijaza kila dakika 20 na kila mara inaongeza lita moja. Hiyo ni lita 72 kwa siku, lita 2,160 kwa mwezi. Mitungi 108 ya lita ishirini. Ungembebea nani hiyo mitungi bure?

Hiyo ni malipo ya kwanza. Ya pili ni tokeni. Kama ploti ina pampu ya presha, kila choo ikijijaza pampu inaamka. Ukisikia pampu ikinguruma usiku na hakuna mtu amefungua mfereji, usianze kulaumu pampu, anza na choo. Ya tatu ndio chungu: yale maji yote safi yanaenda kujaza septiki. Kama ploti yako iko kwenye ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, shimo la kunywa maji halinywi haraka, na gari la eksosta linaitwa mapema kuliko kawaida. Yaani umenunua maji ya bauza, ukayapitisha kwa choo bila kuyatumia, halafu ukamlipa mtu mwingine ayabebe.

Fungua kifuniko, ujue unadili na gani

Usiogope kuingiza mkono. Maji ya lile tangi la choo, wenyewe mafundi huliita sistani, ni yale yale ya mfereji. Inua kifuniko polepole, kilaze chini juu ya taulo. Usikisimamishe kwa ukuta. Kikianguka kinavunjika, na kupata kifuniko pekee cha sistani yako hadiwea ni kama kutafuta kiatu kimoja Gikomba.

Kama choo yako ina batani juu, moja ama mbili, ndani kuna mnara wa plastiki katikati na chini yake kuna raba ya duara inayokalia tundu la kutokea maji. Ukibonyeza, mnara unainuka, maji yanashuka. Hii ndio iko kwa apatimenti nyingi mpya.

Kama ina mkono wa kushusha kando, ndani uwezekano mkubwa kuna sifoni, yaani lile dude la plastiki lililopinda kama mwavuli wenye shingo nene. Sifoni haina raba inayoziba tundu la chini. Maji hayatoki mpaka uyasukume yapande juu ya ile shingo. Weka hilo akilini, litakuokolea pesa.

Halafu kuna ile yenye mkono lakini ndani ina mnyororo na raba inayofunguka kama kifuniko. Ukienda YouTube utaona Mmarekani ameshika hiyo raba, mara nyingi nyekundu, anakwambia ubadilishe. Msee mmoja alizunguka Rongai mchana mzima akitafuta hiyo raba, na choo yake ni ya sifoni. Hakuna mahali ingeingia.

Sisi sifoni tuliipata kwa Mwingereza pamoja na mabomba mengine. Kwa miaka mingi sheria ya huko iliruhusu sifoni tu kwa vyoo vya nyumbani, kwa sababu haivuji kwa chini. Mwaka 2001 wakalegeza, batani zikaingia. Kufikia 2020 kampuni ya Thames Water ya London na watetezi wa kuhifadhi maji walikuwa wanasema hadharani kwamba hizi choo za batani mbili, zilizoletwa kuokoa maji, zinapoteza mengi kuliko zinayookoa kwa sababu ya kuvuja. Kwa hivyo kama yako ni ya batani na inasumbua, si wewe peke yako na si mkosi.

Mtihani wa penseli

Chukua penseli. Ndani ya sistani, chora alama pale maji yamefika yakiwa yametulia. Halafu funga ile koki ndogo kando ya ukuta, chini ya sistani. Kaa nusu saa bila mtu kuflashi. Kama ni usiku, acha mpaka asubuhi na uwaambie watu wa nyumba watumie ndoo.

Rudi ucheki. Maji yameshuka chini ya alama? Basi yanatoka kwa chini, shida ni raba ya kutolea. Maji yako pale pale? Basi raba iko sawa, na shida ni upande wa kuingiza: valvu ya boli haifungi vizuri ikifunguliwa, maji yanazidi, yanamwagikia kwa paipu ya maji ya ziada.

Hii ya pili unaweza kuiona hata bila penseli. Angalia kama maji yamefika kwenye mdomo wa ile paipu ya ziada na yanateleza ndani polepole. Kwa sistani za zamani hiyo paipu hupita ukutani ikatokea nje, kwa hivyo toka nje ucheki kama ukuta una mstari wa maji na majani ya kijani yameota chini yake kiangazi.

Kuna njia ya rangi pia. Mwaga rangi ya keki ndani ya sistani, ama chai ya rangi iliyokolea na kupoa. Usiflashi. Baada ya nusu saa, kama maji ya bakuli yamebadilika rangi, kuna mahali yanapita. Ubaya wa rangi peke yake ni kwamba haikwambii kama yamepitia chini ama juu kwa paipu ya ziada. Ndio maana mimi napenda penseli.

Maji yakishuka: raba ya batani

Hapa ndipo ile sauti ya kuanza na kunyamaza hutokea. Maji yanavuja kidogo kidogo kwa raba, kiwango kinashuka, boli inashuka nayo, valvu inafunguka, sistani inajaa, valvu inafunga. Halafu mchezo unaanza upya. Valvu ya kuingiza haina makosa hapo, inafanya kazi yake. Ukiibadilisha utakuwa umenunua kitu kipya na sauti itakuwa ile ile. Nimeona valvu ikibadilishwa mara mbili kwa keja moja kabla mtu afikirie kuangalia raba.

Kwanza cheki batani zenyewe. Wakati mwingine vile vijiti vinavyoshuka kutoka kwa batani vimewekwa virefu sana, kwa hivyo kifuniko kikikaa vinakandamiza mnara kidogo na raba haikai chini kabisa. Dalili ni rahisi: ukitoa kifuniko choo inanyamaza, ukirudisha inaanza. Zungusha vijiti uvifupishe kidogo, imeisha.

Kama si hivyo, funga koki, flashi mpaka sistani ibaki tupu, halafu shika mnara uuzungushe robo mzunguko. Mingi inatoka hivyo, bila spana. Ikikataa usilazimishe, angalia kama kuna kibanio kando cha kubonyeza kwanza. Ukishautoa, upindue. Chini kuna raba ya duara. Pitisha kidole. Ukikuta mchanga, nywele, ama ukoko mweupe, hiyo ndio adui yako. Ioshe na maji na kitambaa laini, halafu ingiza mkono usafishe pia mahali raba inakalia. Usitumie waya wa kusugulia sufuria. Mkwaruzo mmoja pale, na hata raba mpya itavuja.

Raba ikiwa bado laini, unaweza kuitoa ukaigeuza upande wa chini uwe juu. Upande ule ambao haujakaliwa utaziba vizuri kwa muda, mpaka upate mpya. Ikiwa imekuwa ngumu, imevimba ama imepinda kama chapati ya jana, nunua nyingine.

Na zile tembe za bluu za kutupa ndani ya sistani? Zinapendeza, najua. Lakini zile zenye klorini zinakula raba, na watengenezaji wengi wa sistani wenyewe wanakataza. Kama lazima, tumia zile za kuning'iniza kwa bakuli.

Kwa wale wa mnyororo: ukiwa mfupi sana unainua raba, ukiwa mrefu sana unaingia chini yake. Acha ulegee kidogo tu. Na kile kipaipu chembamba kinachomwaga maji ndani ya paipu ya ziada kisizamishwe chini, la sivyo chenyewe kitaanza kunyonya maji kutoka kwa sistani.

Maji yakibaki pale pale: boli na valvu

Kwa sifoni, nenda moja kwa moja hapa, maana chini hakuna raba ya kulaumu.

Inua boli na mkono wako taratibu. Maji yamekata? Basi valvu inaweza kufunga, ila boli inakaa juu sana. Kama mkono wake ni wa shaba, upinde kidogo kuelekea chini. Kama ni wa plastiki, tafuta skrubu ya kurekebisha, izungushe mpaka maji yakatike kama vidole viwili chini ya mdomo wa paipu ya ziada.

Umeinua boli na bado maji yanapita? Valvu ina uchafu ama raba yake imeisha. Funga koki, fungua kofia ya valvu, toa ile raba ndogo uioshe. Kabla hujarudisha, funika mdomo wa valvu na kikombe kilichopinduliwa, ufungue koki sekunde mbili maji yarushe mchanga nje. Bila kikombe utaoga, na dari itaoga.

Boli yenyewe pia hutoboka. Ifungue, itikise kando ya sikio. Ukisikia maji yanachezacheza ndani, haiwezi kuelea inavyofaa. Ya kuvukia wiki: imwage, ikaushe, ifunge na karatasi ya nailoni iliyokazwa na kamba, uirudishe. Si kazi ya kujivunia, lakini inafika Jumamosi.

Kuna choo za sifoni ambazo ukiflashi haziachi, maji yanaendelea kushuka tu. Mara nyingi ni kwa sababu maji yanaingia kwa nguvu sana, sistani haipati nafasi ya kushuka mpaka sifoni ivute hewa. Punguza koki nusu. Hiyo ndiyo dawa yote, na ni ya bure.

Na kama choo inanyamaza mchana lakini usiku inavuja, angalia presha. Watu wakilala mifereji imefungwa, presha kwa laini inapanda, na valvu iliyochoka inashindwa kushikilia. Si majini.

Ule ukoko mweupe

Ukichemsha maji ya kisima kwa birika hapa kwetu, unajua kinachobaki chini. Ile ni chokaa, na inafanya vivyo hivyo ndani ya sistani, hasa kwa raba na kwa tundu dogo la valvu. Usiichanganye na floraidi, ile inayofanya meno ya watoto wengi wa Kajiado kuwa na madoa ya kahawia. Zote zinatoka kwa kisima, lakini floraidi haizibi valvu.

Chokaa inalegea kwa siki. Toa vile vipande vidogo, viloweke kwa kikombe cha siki lisali moja, visugue na mswaki wa zamani. Juisi ya ndimu inafanya pia, ila polepole. Onyo moja: usichanganye siki na Jik, wala usimwage siki mahali Jik imetumika kabla hujasuuza. Inatoa gesi ya sumu, na choo ya ploti haina dirisha la maana.

Kama mnanunua maji ya bauza, tope linalokaa chini ya tangi la juu hufika kwa valvu siku ile tangi linakaribia kuisha. Ndio maana choo nyingi huanza kelele siku moja baada ya maji kurudi. Kuosha tangi mara moja moja kunasaidia kuliko kununua valvu kila mwaka.

Ukienda hadiwea

Beba ile ya zamani mkononi. Usiseme "nataka raba ya choo," utapewa iliyo karibu. Pima kwa kaunta, duara juu ya duara. Ukinunua valvu nzima, nyingi huingia kwa paipu ya nusu inchi, lakini cheki kama paipu yako inaingilia kando ama chini. Ukirudisha nati ya plastiki kaza na mkono, halafu robo mzunguko na spana, usipite hapo. Sistani ni udongo uliochomwa, ukiikaza kama gurudumu la mathree itapasuka, na hapo sasa ndio utanunua choo nzima.

Kuna wakati wa kuita fundi bila kuona aibu. Koki ya ukuta imekwama kwa kutu na inataka kukatika. Sistani ina ufa. Maji yanatokea sakafuni kati ya sistani na bakuli. Hapo mwite, lakini mwambie matokeo ya penseli kabla hajafungua mfuko wake. Fundi akishajua umecheki, stori ya "imekufa" huwa fupi.

Na kama umepanga, mwambie keyateka mapema, kwa ujumbe wa simu, sio kwa mdomo tu pale getini. Kwa ploti zenye mita moja inayogawanywa sawa, choo ya mtu mmoja ni bili ya kila mtu.

Keja tupu

Hii niliiona kwa ploti ya keja nane niliyokuwa nimepanga huku. Tangi lilikuwa linajazwa Jumatatu, Alhamisi halina kitu. Keyateka akaita mkutano. Macho yote yakaenda kwa mama wa namba tano, sababu alikuwa na mtoto mchanga na kamba yake ya nguo haikuwahi kuwa tupu. Akaambiwa apunguze kufua. Akasema anafua na beseni mbili kwa siku, hakuna aliyeamini. Mimi pia nilinyamaza.

Wiki tatu baadaye landilodi alileta mtu kuona namba nane, iliyokuwa imefungwa tangu mwenyewe ahame. Walipofungua mlango, kitu cha kwanza kusikika kilikuwa choo, shhhhhh. Batani ilikuwa imekwama chini, raba haijakaa, maji yanashuka usiku na mchana kwa nyumba ambayo haina mtu. Keyateka akaibonyeza mara moja, ikaruka juu, ikanyamaza. Hakuna hata kilichonunuliwa.

Siku hizi kwa ile ploti, mtu akihama, keyateka anafunga koki ya choo kabla ya kuchukua ufunguo. Mama wa namba tano alikuwa ameshahama.